Mlimau wa Clem Tregear

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Baba Mchungaji, wazee wetu mliorudi kutoka vitani, ndugu wageni waalikwa, na wewe Bert Quilty unayejificha nyuma ya meza ya chai: habari za mchana.

Tumekuja kumuaga Bert, mtunza bustani wa mji wetu wa Mullengra, anayestaafu leo. Mimi, Enid Tregear, nina swali lililonikereketa tangu vita viishe. Katika barabara yetu ya kumbukumbu kila kijana asiyerudi alipandiwa mti wa kivuli, mrefu, ulionyooka. Kwa nini kaka yangu Clem peke yake ana mlimau?

Mnajua mti wake wa kwanza ulikufa kwa kiangazi, na siku moja tukakuta mlimau umesimama pale. Nani kaupanda? Mbona unazaa kuliko milimau yote ya mji? Na kwa nini marehemu mama, aliyekuwa akichuma malimau ya nyumbani na kuyatia kisu papo hapo, haya ya Clem aliyaosha mara mbili? Kila nikimuuliza Bert alinijibu, "Dada Enid, muulize mti."

Sasa Mheshimiwa ametangaza kwamba Jumatatu mlimau utang'olewa, ili safu ipendeze. Ndipo Bert alipokuja jikoni kwangu, kofia mkononi, akafungua mdomo.

Ilikuwa kwenye milima ya New Guinea, mwaka arobaini na mbili. Mvua, homa, nyama ya kopo. Clem, askari wa miguu wa miaka ishirini, aliwachekesha wenzake, Bert akiwemo, kwa kuusifia mlimau wa uani kwetu, ambao wanaume wa nyumba, kama ilivyo desturi ya nyua zetu zote, huunywesha usiku wakiwa wamesimama, bila ndoo, kwa namna ambayo mbele ya Baba Mchungaji siitaji. "Mnasifia bure jemu ya malimau anayotutumia mama," aliwaambia. "Siri ya malimau yale ni mimi!"

Siku Bert alipopigwa risasi ya paja, Clem alimburuta hadi bondeni. "We mzito kama ng'ombe," akamwambia. "Ukipona, punguza bia." Akarudi kumfuata majeruhi wa pili, na hapo risasi ikampata. Akalazwa kando ya Bert. Hakutaja nchi wala mfalme. Alisema, "Bert, mlimau wa mama utakauka. Utausaidia?"

"Nitausaidia, ndugu yangu."

Clem akacheka kidogo, akafa. Kicheko hicho kimeniliza wiki nzima.

Ndiyo, mabibi na mabwana. Kwa kuwa hangethubutu kuutimiza uani kwa mama, Bert alichukua tawi la mlimau wetu, akalipanda pale, na kila Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka askari wetu, kabla hatujafika na mashada yetu, yeye hutangulia kutimiza ahadi. Chekeni, Clem angecheka kuliko nyote.

Mheshimiwa, jemu ya malimau hayo umeila kila Krismasi, na kila Krismasi umeomba kijiko cha pili. Kaka yangu hakutuomba safu iliyonyooka. Alituomba kitu kimoja tu, akakubaliwa. Je, ni wewe utakayeivunja ahadi hiyo kwa shoka?

Nawe Bert, uliniambia una aibu, ila unashukuru kwamba mama alikufa bila kujua. Kaka yangu, hebu inua uso. Mama aliyaosha mara mbili.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Jemu iko mezani, karibuni.