Uso Uliopakwa Upya: Maisha ya Mzee Lenzi

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani na mafundi wenzake, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Lenzi, kwa sababu ile lenzi ya jichoni alikaa nayo hata mezani, akakagulia samaki miiba.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ya hapo hapo stesheni, kisha mwaka 1966 akaingia chuo cha ufundi, ambako walimu walimsifu mikono na kuulalamikia mdomo, maana uongo ulimshinda hata pale ambapo uongo mdogo tu ungemwokoa.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika duka la saa karibu na posta, na mwaka 1979 akafungua lake, chumba chembamba chenye meza, taa na kiti cha mteja kilichoyumba, akawa bingwa wa saa za kronografu, zile za zamani zenye vitufe viwili ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha sekunde. Wanunuzi walimletea kabla ya kufungua pochi, naye aliwafundisha wasitazame uzuri, watazame kama vitu vimezeeka pamoja, maana mishale ikiwa imefifia na uso wenye tarakimu unang'aa, lazima uulize, na kasha likisuguliwa mpaka kona zikalainika, thamani imeshakwenda na vumbi. Watu walimtania kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, naye akawajibu kwamba kwenye saa, kibaya ndicho kinachojua kujipamba.

Msimamo huo nusura umkoseshe mke. Februari 1980 tulikwenda kuposa kwa mwamuzi wa riadha, na mzee yule, baada ya chai, akavua saa aliyopimia mbio maisha yake yote, akaiweka mbele ya kaka ili aisifu mbele ya wageni. Baba yetu alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini wapi, kaka akavaa lenzi, akakaa nayo muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, mashine ni halisi na kasha ni lake, ila uso umepakwa upya, na aliyeupaka hakuwa fundi wa saa."

Mzee akasimama, akasema hajawahi kuifungua saa ile, kwamba ametukanwa nyumbani kwake, na posa irudi ilikotoka, na sote tukasikia binti akilia kwenye korido. Hapo mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono, akasema ni yeye, maji yaliingia mumewe akiwa safarini na saa ameiacha, tarakimu zikafutika, akaipeleka kwa mchora mabango wa mtaani azirudishe kwa brashi yake ndogo kuliko zote, na mume aliporudi akafurahi kuiona safi, basi yeye akanyamaza. Mzee akaitazama saa, akamtazama mkewe, akacheka mpaka machozi. "Kumbe mbio zote zile nimezipimia mapenzi ya mke wangu!" Akauliza sasa thamani yake ni ipi, na kaka akajibu, "Sokoni imeshuka, mzee. Humu ndani, sithubutu kuipangia bei." Posa ikapokelewa.

Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980, baba mkwe akamvisha kaka ile saa kwa mkono wake mwenyewe, na Mungu akawajalia binti, mwaka 1982, ambaye leo ndiye mwenye meza ya baba yake, na mapacha wa kiume mwaka 1986. Miaka mingi baadaye kaka alipata kwenye sanduku la vipuri uso kamili wa aina ile ile, usio na doa, na wakusanyaji wakamsihi aubadilishe ili saa ipande bei, naye akautia kwenye droo akisema, "Huo ni halisi, lakini si wake."

Moyo ulianza kumsumbua Juni mwaka 2022, vidole vikakosa nguvu hata ya kutia saa ufunguo, shemeji yetu akawa anamtilia kila asubuhi pale kitandani hospitalini. Asubuhi moja aliomba lenzi, shemeji akadhani anataka kuikagua saa, kumbe alimgeuzia yeye, akamkagua uso, kunyanzi kwa kunyanzi, akasema, "Halisi. Tumezeeka pamoja." Alituaga tarehe 9 Mei 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru kutoka moyoni madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani mliotupikia na kutufungulia milango, na mafundi wenzake mliofunga maduka yenu leo, hatuna cha kuwalipa.

Na wale mlioanza kuuliza kwa upole kama saa ile itauzwa, tunawasamehe, maana mnaipenda kazi yake, lakini ina mwenyewe, shemeji yetu, yuko mstari wa mbele ameivaa, na leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, ameitia ufunguo.

Pumzika, kaka, kwa amani ile uliyotuachia.