Koti Kwenye Msumari

Kona ya Erasmo haina bango wala haihitaji. Pale barabara ya kushukia Nyasa inapopinda kuuacha mji wa Mbinga, kuna benchi la mbao lililovunjika mguu mmoja likaungwa kwa tofali, kuna jiko la mkaa, na kuna birika jeusi ambalo Erasmo huapa kwamba ni la zamani kuliko bomba la mtaa. Wilaya nzima inalima kahawa, lakini ukitaka kuinywa ya moto, chungu, ya kikombe kidogo, utakuja hapa. Na ukija utapewa na maneno juu yake, hata kama hukuyaagiza. Wenye benchi ni watatu. Protasi huitwa Waziri, kwa kuwa hakuna siri ya serikali isiyomfikia, ingawa kazi yake ni kushona viatu. Edmund ni Daktari, kwa sababu aliwahi kulinda geti la zahanati kule Mbuji. Alphonce ni Mizani, aliyepima kahawa ya watu kwenye chama cha msingi miaka thelathini, na ulimi wake nao ulikuwa wa kupima watu, hauachi mtu bila kumpa jina.

Jumamosi hiyo ya Julai Mizani alifika amevaa koti lake la kaki, akapokea kikombe, akanyamaza. Wenzake walidhani ni baridi. Haikuwa baridi.

Mke wake, Gaudiosa, alirudi kutoka Dar mwezi wa pili, ziwa la kulia limekatwa na mkono wa upande ule unavimba. Kijana mmoja wa Mbeya, Ambokile, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja mpaka nyumbani akaeleza: wenye saratani, na waliomaliza matibabu, hutembea pamoja kila Jumamosi, wananyoosha mikono, kila mtu kwa nguvu zake. Hakusema ni dawa ya kuuondoa ugonjwa. Alisema uchovu hupungua, na mtu hupata wenzake. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi, Gaudiosa aliuliza, "Baba Kunigunda, leo niende?" Na kila Jumamosi Mizani alijibu, "Pumzika kwanza, mama. Upate nguvu."

Sababu aliyoitoa ilikuwa na heshima zake. Majirani walikwisha kumlimia Gaudiosa ngoro zake, yale mashimo ya Wamatengo ya kulimia mlimani, na jembe lake likapandishwa darini; mtaani kwao, mume ambaye mke wake mgonjwa anaonekana barabarani huambiwa amemfukuza kitandani. Lakini sababu ya kweli aliimeza. Miaka miwili nyuma, kundi lile lilipopita hapa mara ya kwanza, ni yeye Mizani, kwenye benchi hili hili, aliyesema, "Wakimbiza Mwenge hao, ila mwenge wenyewe umezimika." Benchi lilicheka mpaka Erasmo akamwaga kahawa. Jina likaenda sokoni, likaenda stendi, likarudi na watoto wa shule. Sasa mtu atampelekaje mkewe kwenye kundi alilolibatiza kwa mdomo wake?

Na leo Gaudiosa hakuuliza. Alilitoa koti msumarini, akampa, akasema, "Baridi kali," basi.

Filimbi ikasikika upande wa soko.

— Hao wanakuja, akasema Edmund. Saa yao haikosei.

— Mwenge hu... Protasi alianza kwa mazoea, akamwona Mizani, akajifanya anakohoa.

— Mimi nawaonea huruma tu, akasema Erasmo akipuliza mkaa. Baridi hii, mtu ana ugonjwa wake, anapandishwa mlima! Kwani mtu wa Mbinga anafundishwa kutembea? Sisi tumezaliwa tunapanda.

— Hujui siri yake, akasema Protasi. Hospitali hakuna vitanda. Mgonjwa anayetembea hahitaji kitanda. Hapo serikali imepiga mahesabu. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? akauliza Erasmo.

— Si wanakwenda pole? Na hawajikwai. Umeshaona mmoja kajikwaa?

— Waziri, hilo ni la siasa, akasema Edmund. Mimi nawapa la kitabibu. Chupa ya dawa imeandikwaje? Tikisa kabla ya kutumia. Sawa? Sasa hawa kule Dar walitundikiwa dawa ya mshipani, chupa inaning'inia imetulia, hakuna aliyeitikisa. Dawa imeingia, imetuama chini. Mbona wengi wanalalamika miguu? Imetuama miguuni! Sasa inabidi atikiswe mgonjwa mwenyewe.

— Eeh!

— Ndiyo maana filimbi. Bila filimbi hawatikisiki kwa pamoja.

Erasmo alicheka, akamjazia Edmund kikombe kama zawadi. Siku nyingine Mizani angekwisha kuidaka hiyo chupa na kuipa jina. Leo aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Basi hamjui, akasema Protasi, akisogea karibu na kushusha sauti, kama kawaida yake anapotaka kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Yule Ambokile ana saa mkononi. Mmeiona? Ile si saa. Inasikiliza mapigo ya moyo, inayarusha juu, kuna mitambo inayapokea. Moyo wa mtu wa Namswea unapigia Ulaya!

— Unapigia Ulaya unatafuta nini? akauliza Erasmo.

— Wanataka kujua sisi tunaopanda milima tunachelewaje kuchoka. Wakishajua, watatengeneza kidonge, tutauziwa. Ndiyo ile, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wewe hujaona wakifika pale kanisani wanainama?

— Wanashika vidole vya miguu.

— Ndiyo! Wanainama! Na cha uvunguni kinachukuliwa!

— Mimi la kwangu ni moja, akasema Edmund. Mwili ni kama gogo. Bandu bandu huisha gogo. Ukiutumia kila siku, utaisha. Mgonjwa alale. Mizani hapa amefanya la kiume, amemlaza mama, hamsumbui. Waume wa namna hiyo nchi hii wamebaki wangapi?

— Wachache, akasema Erasmo.

— Anaendeleaje lakini, mama Kunigunda? akauliza Edmund.

— Anapumzika, akajibu Mizani.

Neno hilo alikuwa amelisema mara nyingi mno tangu mwezi wa pili. Aliona aibu, tena aibu ya kusifiwa, ambayo ni mbaya kuliko ya kutukanwa. Alitaka wanyamaze.

Kundi lilipita. Walikuwa kumi na moja, wanawake tisa na wanaume wawili, vitambaa kichwani, masweta, kanga zimekazwa viunoni. Ambokile alitembea nyuma kabisa, pembeni ya bibi mmoja mwenye fimbo, akimwacha bibi apange mwendo. Walisalimu benchi na benchi likaitikia kwa adabu zote, kwa kuwa maneno ya kijiweni huwa na meno tu mtu akiwa mbali.

Mwanamke mmoja alichomoka kwenye kundi, akaja kwenye benchi, akaweka mguu juu ya lile tofali kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, amekonda, nywele ndio kwanza zinaota upya.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia.

— Samahani kwa tofali lenu. Kamba hizi bado ngeni kwangu.

Mizani aliziangalia kamba. Zilikuwa za njano, na raba zenyewe za zambarau. Alizijua. Gaudiosa alizinunua Dar siku ya kutoka hospitali, akakataa zisiwekwe kwenye begi, akazipakata kwenye basi mpaka Songea. Tangu zifike zilikaa chini ya kitanda.

— Wewe si wa hapa, akasema Erasmo. Mtoto wa nani?

— Natoka Lundo, huko ziwani. Naitwa Luisa. Nimefikia kwa shangazi mpaka nimalize kliniki. Nilikuwa nakuja na ndala, zinanichubua, ndipo mama mmoja akanipa hizi. Mama Gaudiosa, wa ile nyumba ya bati jekundu hapo chini. Mnamfahamu?

Benchi zima liliangalia jiko la mkaa.

— Tunamfahamu, akasema Edmund.

— Mungu ambariki. Nilikwenda kumsalimia na Ambokile juzi, mzee wake hakuwepo. Nikamwambia, mama, siwezi kuchukua, ni vipya. Akasema chukua, mimi nasubiri tu na vyenyewe vinasubiri, heri mmoja wetu akatembee.

Luisa alihamisha mguu, akaanza kamba ya pili. Alikuwa mtu wa kuongea. Watu wa ziwani wana sauti ya kuitana majini.

— Na mazoezi ya mkono amenifundisha yeye, maana na mimi upande huu wamekata. Unasimama karibu na ukuta, unapandisha vidole taratibu, kama mjusi anavyopanda. Ukifika unapoumia unasimama. Kesho unaongeza kidogo. Ukuta wa chumbani kwake una alama mpaka juu! Anafanya mzee akiwa ametoka.

Mizani aliziona alama zile kila asubuhi, ukutani penye chokaa, chini ya msumari. Alidhani ni wajukuu zake, watoto wa Kunigunda, na mikono yao ya uji. Wiki iliyopita alifoka mpaka wale watoto wakalia, na Gaudiosa alikaa palepale kitandani, asiseme neno.

— Sasa amekwama, akaendelea Luisa. Mkono ungeweza kwenda, lakini hapo juu kuna koti la mzee wake, na anaogopa kulichafua. Nikamwambia apange vizuri saa ya mzee kutoka na koti. Akasema mzee akilivaa, ukuta unabaki wazi ndiyo, ila mkono umeshazoea kuishia hapo. Alisema huku anacheka, mimi sikucheka.

Akasimama wima, akakanyaga chini mara mbili kujaribu viatu, akawatazama wazee wale mmoja mmoja, kwa macho ya mtu anayetaka tu kujua.

— Hivi wazee, koti si linaweza kutundikwa mahali pengine?

Waziri, aliyejua siri za mitambo ya angani, alishika kidevu. Daktari alichungulia kikombe kilichokuwa kitupu. Erasmo alishika birika, akaliacha. Mizani alihisi kola ya koti shingoni, nzito, na alitamani kulivua, lakini kulivua palepale ilikuwa sawa na kukiri kwamba yeye ndiye yule mzee.

— Haya, acha niwahi wenzangu, akasema Luisa. Ameniomba tukipita dirishani kwake niburute miguu kidogo, avisikie viatu vyake.

Akaondoka mbio ndogo ndogo, kamba za njano zikirukaruka.

Wakakaa. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia paa za chini. Baada ya muda, kutoka kule barabara inakoteremka, ikaja sauti ya viatu vikiburutwa kwenye changarawe, kwaa, kwaa, kwaa, ikasimama kidogo, kisha ikaendelea mpaka ikapotea.

— Mizani, akasema Edmund, na sauti yake haikuwa na udaktari wowote. Kumbe alikuwa anataka?

— Alikuwa anataka.

— Sasa ulimzuia nini, ndugu yangu?

— Nilijua atachekwa.

— Achekwe na nani? Na sisi? Mke wako? akauliza Protasi, na kweli aliumia.

— Na mimi, akasema Mizani. Mimi ndiye niliyewafundisha kucheka.

Protasi alitaka kuleta methali, midomo ikacheza, isije hata moja. Erasmo aliinua birika akalitikisa. Likalia machicha matupu.

— Kahawa imeisha, akasema.

Mizani alirudi nyumbani kwa njia ile ile lilikopita kundi. Mbele ya dirisha lake changarawe ilikuwa na mistari miwili mirefu. Gaudiosa alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, ungo wa maharage mapajani, anachagua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia umelala pembeni.

— Umerudi mapema, akasema. Kahawa imeisha?

— Imeisha.

Akavua koti. Mkono wake ulikwenda msumarini wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote, na hapo akaziona vizuri zile alama. Vidole viwili viwili, hafifu, vinapanda kutoka usawa wa kiuno, kila safu juu ya nyingine kwa nafasi ya punje ya hindi, mpaka pale pindo la koti linapofika. Juu yake chokaa ilikuwa nyeupe, haijaguswa.

— Mama Kunigunda.

— Naam.

— Leo hukuniuliza.

— Kukuuliza nini?

— Kwenda.

Gaudiosa alitoa kijiwe kwenye maharage, akakiangalia, akakitupa nje dirishani. Hakuwa amekasirika. Angekasirika, Mizani angepata pa kushika.

— Si ulikwisha kunijibu, baba, akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Mizani alisimama katikati ya chumba, koti mkononi, akitafuta pengine pa kulitundika. Katika nyumba ile aliyoijenga mwenyewe hapakuwa na msumari mwingine.