Historia ya Fundi Godoro, Aliyetaka Watu Walale Chali

Wazee wetu, mama zetu, majirani, mafundi wenzake, na nyinyi mliokosa viti mkasimama hadi barabarani, maana umati huu hata mikutano ya kampeni haijawahi kuuona, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu mnayemjua wote kwa jina la Fundi Godoro, na mimi ni kaka yake mkubwa, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nitakayoyasema sikuyasikia kwa watu.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, na alizaliwa mkubwa hasa, mkunga alimpima mara mbili akidhani mizani imeharibika, kisha mtoto akalala mfululizo mpaka marehemu mama akasema huyu mtoto usingizi kaja nao wake mwenyewe, hakuukuta hapa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979 akamaliza darasa la saba mwaka 1985, na akili alikuwa nazo za kugawia darasa zima na za mwalimu zikabaki, ila baba alikuwa ameumia mgongo kiwandani, masomo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa mjomba, fundi wa magodoro pale sokoni, kwenye kibanda cha mbao kilichopakana na wauza kamba, akajifunza kuchambua sufi, kuichapa kwa fimbo mpaka ivimbe, na kushona pembe kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Mjomba alimfundisha kwamba godoro halipimwi kwa kitanda, linapimwa kwa mtu, kwa hiyo kila mteja alilazwa chali juu ya turubai, mikono imelegea, naye akamzungushia chaki. Watu walimtania, "Fundi, wewe hupimi godoro, unapima jeneza," naye alicheka akawaambia walegeze mabega. Nyinyi mnaonisikiliza, nusu yenu mnalala juu ya kazi ya mikono yake, na nusu nyingine mnaona haya kusema, maana godoro lake ukililalia mara moja unasahau hata jina la mama mkwe.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mnayemwona hapa, fundi wa mapazia, ambaye alikwenda kibandani kununua mto akaondoka na mume, na harusi yao ilikuwa kubwa, ngoma zilisikika hadi ng'ambo ya mto. Walijaliwa binti mwaka 1998 na mapacha wa kiume mwaka 2003.

Tarehe 3 Februari 2009 alinunua magunia matatu ya sufi kwa mtu aliyekuja na pikapu, jioni polisi wakafika, kumbe mzigo umeibiwa ghalani, mwenye pikapu hakuonekana tena hadi leo, na ndugu yetu akapelekwa mahabusu. Dhamana ilitaka mtu mwenye hati ya nyumba. Ukoo wetu ni mkubwa, ukitupanga mstari tunafika mto wa pili, lakini hati ya nyumba hatukuwa nayo hata moja. Mimi nilikwenda mahakamani nimevaa suti, nikapaza sauti mpaka feni ya juu ikasita, karani akanitazama akasema, "Mzee, kaa chini, au umfuate." Nikakaa chini. Tangu siku hiyo kesi ikawa ya kuahirishwa, leo jalada halijaja, kesho shahidi kasafiri, hakimu akahamishwa ikaanza upya, na shemeji yangu akawa anakwenda kumwona kupitia wavu, akipiga kelele katikati ya wake wengine wanaopiga kelele, hata habari ya mtoto kufaulu mtihani ilimbidi aitangaze kama muuza samaki.

Humo ndani aliwekwa chumba kilichojengwa kwa watu thelathini, wao walikuwa zaidi ya mia, na hili siongezi chumvi, waliokaa humo wapo hapa wataniunga mkono. Walilala ubavu, kifua kwa mgongo, kichwa kwa miguu, chini kwenye sementi, na ubavu ukishakufa ganzi nyapara, mfungwa msimamizi wa chumba, anaita, "Geuka!" wote wanageuka pamoja kama samaki kikaangoni, na anayekwenda msalani anakuta nafasi yake imeshazibwa. Mtu aliyewalaza chali watu wa mji huu wote, kwa zaidi ya miaka minne hakulala chali hata siku moja. Jirani yake humo alikuwa mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa ugomvi wa mbuzi, mzee wa utani, alikuwa akimwita marehemu "mto wangu," na mzee huyo alikufa akiwa katikati ya safu, wakageuka naye mara mbili kabla hawajajua. Hapo ndipo ndugu yetu alipojiapiza kwamba akitoka, mahabusu wa mji huu watalala chali, na maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa ni jambo hilo moja.

Alitoka tarehe 18 Novemba 2013, hakimu mpya aliposoma jalada akasema hakuna kesi ya kujibu, muda mfupi kuliko wa kukaanga yai. Nyumbani alikuta kitanda chake kimetandikwa, akalala ukingoni, ubavu, na akiwa usingizini alikuwa akiita "Geuka!" kisha anageuka mwenyewe. Shemeji alitusimulia hilo akicheka, katikati ya kucheka akaenda kukitandika upya kitanda.

Mwaka 2014 aliwakusanya mafundi wenzake wakashona magodoro arobaini kwa ajili ya mahabusu, yote kwa kipimo cha mtu aliyelala chali, na mimi nikaongoza lori hadi langoni nikipiga honi njia nzima, watu wakadhani waziri anapita. Mkuu wa gereza, mtu muungwana, aliyapokea kwa mikono miwili, akaamuru yatandikwe, yakatandikwa kumi na moja na sakafu ikaisha. Akamwambia, "Fundi, kazi yako nzuri, lakini hawa waliobaki niwaning'inize wapi? Mimi sikamati mtu, napokea tu." Ndugu yetu alisimama mlangoni na chaki yake sikioni. Alikuwa amewapima watu, chumba hakukipima, na kosa hilo angelifanya yeye peke yake, maana kichwani mwake hakuna kipimo cha binadamu aliyelala ubavu. Magodoro yakapelekwa stoo. Nilimshauri ayakate yawe membamba, akanijibu, "Kaka, nikishona godoro la ubavu nimekubali."

Basi akageukia kuomba watu wapunguzwe, wenye kesi ndogo wadhaminiwe bila hati ya nyumba, wanaongoja wasikilizwe. Kila Jumatatu alikuwa mahakamani, alikwenda kwa wakubwa, alikwenda kwa mbunge, kote alikaribishwa vizuri, akanywa chai nyingi kuliko mtu yeyote katika ukoo huu, na mimi nilimsindikiza kwa mdomo wangu huu unaojulikana, nikazungumza mpaka wakubwa wakafuta jasho. Tume ikaja, ikatazama, ikaandika. Baadaye ukuta wa mahabusu ukapakwa rangi ya kijani, nzuri kweli. Watu ndani ni walewale, wanalala vilevile.

Kifua alikipata kule kule mahabusu, alitibiwa kikatulia, kikarudi Agosti 2022 kikiwa na hasira, akalazwa hospitali wodi ya tatu. Alipewa kitanda kizima peke yake, lakini kila muuguzi akimvuta katikati, akirudi anamkuta ukingoni, ubavu. Nilimwambia, "Mdogo wangu, hapa hakuna mtu, jinyooshe," akaitikia kwa kichwa, na hakujinyoosha. Mimi niliyewahi kusimamisha lori la mbao kwa bega, sikuweza kumgeuza ndugu yangu mmoja. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa ameelekea ukutani, na nyuma yake kuna nafasi ya mtu mwingine. Aliyemnyoosha ni mhudumu wa chumba cha maiti.

Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, hasa yule wa kumvuta katikati, majirani waliopika na kukesha, na mafundi wa sokoni waliofunga vibanda. Tunamshukuru mkuu wa gereza, sasa mstaafu, aliyekuja jana na godoro moja kati ya yale arobaini, panya walikuwa wamekula pembe, shemeji akaiziba kwa kitambaa cha pazia. Seremala wa jeneza hakupima mwili, alifuata kipimo cha godoro.

Kule nyuma ya ukuta wa kijani, alfajiri ya leo, mahabusu wamegeuka.

Wewe umeshamaliza kugeuka, mdogo wangu. Legeza mabega, lala chali. Pumzika kwa amani.