Mkeka Usionukia

Sogeeni wanangu, na wewe Badawi funga huo mlango, maana kuta za nyumba hizi za Al Twar, hapa Dubai, ni nyepesi na sitaki jirani ayasikie maneno yangu kabla yenu. Thuwaiba, niinulie mto kidogo. Salha, usijifanye unaosha vikombe huko jikoni, njoo ukae kitako karibu na mumeo, kwani wewe ni mke wa mwanangu na haya yanakuhusu, pengine kuliko unavyopenda.

Daktari kaniruhusu nirudi nyumbani, na mimi Zuwena binti Nassor si mtoto, najua mgonjwa wa namna yangu huruhusiwa kwa sababu gani. Mali yangu igawiwe kisharia, shekhe atawasimamia. Sanduku nililotoka nalo Unguja apewe Thuwaiba, kama Badawi ataridhia. Mjomba wenu wa Sharjah, tuliyenuniana kwa maneno aliyoyatoa msibani kwa baba yenu, mwambieni nimemsamehe, ila asije akahutubia na msibani kwangu.

Lililonifanya niwakusanye ni baraza yetu ya Hatta. Mnajua nyote, kila msimu wa baridi kijiji kile cha milimani kikifungua maonyesho ya kazi za mikono, sisi tuna mahali petu chini ya ukuta wa mawe, ubavuni kwa Bi Moza, msusi wa kijiji kile, na mahali pale hatukupapanga wala hatukupanunua, tulipewa. Mwanzo nilikwenda kutembea tu, nikakaa kitako nikisuka ukili wangu, Moza akauchukua akaulaza juu ya wake wa mtende, akaona mkono ni mmoja, akaenda kuwaita wazee wa kijiji. Wakaniambia, keti, lakini sharti letu ni hili, anayekaa hapa anasuka mbele za watu na anauza alichokisuka, na akileta cha kiwandani, khalas, ataondoka na ukoo wake wote. Mimi mgeni, niliyefika nchi hii sina hata jirani wa kumwomba chumvi, nikapewa mahali pa kukaa kwa sababu ya vidole vyangu! Nililia siku ile, na sikuona haya.

Sasa sikilizeni. Msimu uliopita, mtakumbuka, mvua ilitukuta kule mlimani, watu wakakimbilia ndani, vitu vyote vikalowa. Ukindu ukilowa unanukia, hata mtoto wa Kiunguja aliyezaliwa Dubai anaijua harufu ile. Kijiji kizima kilinukia. Moza akanisogelea kwenye kiti changu, akaninong'oneza, Zuwena, mbona mikeka yako haina harufu? Nikamwambia nina mafua. Lakini sikuwa na mafua, wanangu. Nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma, nikasikia harufu ya mikeka yake, ya kwangu sikuisikia.

Tangu siku ile sijalala vizuri humu ndani. Kisukari kimenitia ganzi vidole, macho yana ukungu, nimebaki na pua na masikio, na kwa masikio hayo nimewasikilizeni. Badawi, ndiwe unayeendesha pikapu, ndiwe unayepitia Al Quoz kwa rafiki yako Sultan, mwenye ghala la mikeka ya plastiki. Nikikuuliza umechelewa wapi, unanijibu foleni, tangu waanze kujenga njia ya treni mji mzima umepata kisingizio kimoja. Na wewe Salha, simu zako unazipokelea jikoni, nikiingia unageuza maneno. Nimekula chakula chako mwaka mzima huku nikikusikiliza, na utanisamehe, lakini sikukuamini. Usilie, sijamaliza.

Kwa hiyo nimekata shauri. Baraza ya Hatta aishike Thuwaiba. Yeye ndiye niliyemfundisha, yeye ndiye ninayemwamini, hata ufunguo wa sanduku nilimvisha yeye shingoni. Humo sandukuni kuna mkeka mweupe, wa mwisho kuusuka kabla vidole havijafa, niliouweka utandikwe kwenye jeneza langu. Ulete, mwanangu. Leta na maji kwenye bakuli. Nataka niinuse Unguja mara moja.

Mbona unakawia? Badawi, ulete wewe.

Nyunyiza. Ongeza. Ulete karibu na uso wangu.

Ongeza maji, nimesema.

Nishikisheni pindo lake, kona ya mwisho, mnipitishie mdomoni maana vidole havijui kitu. Ndiyo. Chane zimerudishwa nyuma mara mbili. Mkeka ni wa plastiki, lakini hili ni pindo langu, alilonifundisha mama yangu, na Badawi hajui kushika sindano, na Salha sikumfundisha, nilimnyima makusudi. Duniani limebaki kwa mtu mmoja.

Thuwaiba. Ni wewe?

Sema kwa sauti. Ati wateja walikuwa wengi, na mikono yangu imekufa, na mkono wako peke yake haukutosha, ukaogopa tukirudi na baraza tupu tutanyang'anywa, ukaagiza ya Sultan bila ndugu yako kujua. Na huu wa jeneza? Mgeni aliupenda, ukauuza, ukaweka huu mahali pake, ukasema mama haoni. Ewe mwanangu, umenikata maini. Mama haoni, lakini mama ananusa.

Badawi, nisamehe baba. Salha, nipe mkono wako, nimekuonea bure.

Sitabadilisha nilichosema. Baraza ibaki kwa Thuwaiba, maana asiposhika yeye, pindo hili linazikwa na mimi. Lakini kwanza, Thuwaiba, uende kwa Moza, umwambie kwa mdomo wako mbele ya wazee, wakikufukuza ufukuzike, wakikusamehe ukae usuke, hata kama ni mkeka mmoja kwa msimu mzima. Na Salha umfundishe pindo hili. Mikeka yote ya Sultan itolewe pindo langu, uanze na huu. Sasa hivi. Chukua sindano.

Mungu awaweke pamoja, awape rizki ya halali, asikujaalieni kuogopana humu ndani kama nilivyowaogopa mimi. Jenezani nitandikieni kanga tu... yoyote... iliyo safi.

Fumua, mwanangu. Kaa karibu na sikio langu, nisikie... unavyofumua.