Fomu Moja, Majedwali Matatu

Benchi lilikuwa kwenye kona, mkabala na geti la kliniki ya watoto, mguu wake mmoja ukiwa umeegemezwa kwenye tofali. Saa mbili asubuhi lilikuwa limeshajaa. Upande wa kivulini alikaa Fundi Sindano, mshona makoti wa kibanda cha jirani. Katikati alikaa mstaafu wa masjala waliyemwita Mzee Faili, maana alipanga mafaili miaka thelathini na mpaka leo alipanga hata vikombe vya kahawa kwa ukubwa. Pembeni, kompyuta mapajani, alikuwa Injinia, dada aliyeitengenezea kliniki fomu ya kuandikisha watoto. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Muuguzi mkuu alimpigia simu alfajiri: jana wameandikishwa watoto arobaini, na kumi na mmoja hawaonekani kwenye orodha ya chanjo. Geti lingefunguliwa saa tatu.

— Wamekwenda wapi? aliuliza Fundi.

— Hawakwenda popote, hawakufika, alisema Injinia. Fomu ni moja, lakini nyuma yake kuna majedwali matatu: la akina mama, la watoto, la tarehe za chanjo. Ukibofya "Hifadhi", taarifa zinagawanyika. Jana mtandao ulikuwa unakatika. Mama anaingia, mtandao unakatika, mtoto anabaki nje.

Mzee Faili akaweka kikombe chini.

— Binti, hiyo kazi naijua. Umekosa karatasi ya kaboni tu. Unaandika mara moja juu, nakala tatu chini. Kwetu hakupotea mtu.

— Hata mmoja, mzee?

— Walipotea walioandikwa na wenzangu.

— Kaboni inatoa nakala zinazofanana. Kwangu kila jedwali linataka chake.

— Basi waweke wote kwenye jedwali moja, yaishe.

— Mama mwenye watoto wanne nimwandike mara nne? Akibadili simu, tukarekebisha mahali pamoja tu, kwingine kunabaki namba ya zamani. Siku ya kumwita tutampigia ipi?

Mzee Faili alivipanga upya vikombe, kikubwa nyuma ya kidogo, naye akajipanga.

— Basi mtoto apewe namba kabla hajazaliwa. Akija duniani anakuta jedwali linamsubiri.

— Mimi naona hayo majedwali hayaelewani, alidakia muuza kahawa huku akimimina. Mawili yakiongea, la tatu linanuna. Kila moja lipe kompyuta yake.

— Hamna, inashiba hiyo fomu, alisema Fundi. Imemeza mama na anwani yake na simu yake, ikifika kwa mtoto tumbo limejaa. Dada, anza na mtoto.

Injinia alijikuta anatabasamu, japo saa tatu ilikuwa inakaribia.

— Siwezi kuanza na mtoto, kaka. Mama akiingia anapewa namba. Namba hiyo ndiyo ninayomfungia mtoto, ijulikane ni wa nani. Na namba ya mtoto naifungia chanjo.

— Aah, kumbe ni koti. Mwili kwanza, kisha mikono, vifungo mwisho.

— Hivyo hivyo.

— Sasa we mkono ukikuharibikia, unampa mteja koti la mkono mmoja?

Injinia aliinua macho kutoka kwenye kompyuta.

— Mimi nafumua, Fundi aliendelea. Nafumua lote, naanza upya. Kwangu hakuna nusu koti linalotoka mlangoni.

Uso wa Injinia ulipata joto. Alifundishwa hilo mwaka wa kwanza kabisa wa masomo. Aliliacha kwa sababu kliniki ilikuwa na haraka, akajiambia atalirudia.

— Nilijua, alisema taratibu. Nilijua, nikaruka.

Hakuna aliyemcheka. Akainama, vidole vikaanza kukimbia. Aliyafunga majedwali matatu yawe kitu kimoja: moja likikwama, yote yanafumuliwa, na muuguzi anaambiwa pale pale ajaribu tena. Akajaza mama wa kubuni na mtoto wa kubuni, akabofya, na katikati ya safari akazima mtandao.

— Kuna nini? Mzee Faili alichungulia.

— Hakuna kitu. Yote matatu matupu.

— Na unafurahi?

— Sana, mzee. Hakuna nusu koti.

Akawasha mtandao, akabofya tena. Mama, mtoto na chanjo wakaingia kwa pamoja. Mgongo ukamnyooka.

— Na wale kumi na mmoja? aliuliza Fundi.

— Simu za mama zao zilihifadhiwa. Muuguzi atawapigia sasa hivi, warudi leo.

Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri geti, mtoto mchanga mgongoni, akasogea karibu nao.

— Mwanangu, ndiwe mwenye fomu?

— Ndimi, bibi.

— Jana ilinikataa. Wakaniambia nirudi.

— Leo haikatai. Ama vyote vinaingia, ama hakiingii kitu. Hakuna mtoto atakayening'inia.

— Na bado inaanza na mama?

— Inaanza na mama.

Bibi alikaza kanga kifuani.

— Mama yake tumemzika mwezi uliopita. Huyu anaingia wapi?

Mzee Faili alisogeza vikombe kando. Fundi akatazama viatu vyake. Ng'ambo ya barabara komeo la geti lililia. Injinia akasogea, akampa bibi nafasi, akaifungua fomu upya kwenye kisanduku cha kwanza, kile cha mama.

— Kaa hapa, bibi, alisema.