Sakafu Haikujengwa Lipite Gari

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha kuweka na kukopa ameniomba niseme yaliyonifika na namna mlivyonishika mkono. Majina ya watu sitayataja. Anayejijua anajijua, na aliyenikosea tumeshasameheana.

Wengi mnanifahamu, ni fundi wa mashine za boti hapa Kiegeani. Mke wangu alikuwa na chuo cha Kurani pale nyumbani, akisomesha watoto wa kike tangu sisi wenyewe hatujazaa. Kisha akapata kiharusi. Mdomo ulirudi, mkono ukarudi, miguu ikakataa. Tukapata kiti cha magurudumu, lakini sakafu yetu ilikuwa saruji ya zamani iliyobandukabanduka. Gurudumu likiingia shimoni, mtu mzima anakaa anangoja kuja kuchomolewa. Basi akaacha kusomesha. Yule mwanamke ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabarani, akanyamaza.

Mnakumbuka niliposimama hapa kuomba mkopo wa vigae. Kuna aliyecheka, akasema fundi anataka kuishi hotelini. Lakini mlinipa. Nikabandua saruji ya zamani, nikashindilia kifusi kipya, nikatandika vigae chumba cha mbele chote, na mlangoni nikajenga mteremko wa saruji ili kiti kishuke mpaka nje. Siku ya kwanza alikizunguka chumba kile mpaka mimi ndiye niliyeona kizunguzungu. Watoto wakarudi chuoni.

Sasa sikilizeni. Alasiri moja watoto wametoka punde tu, mikeka bado haijakunjwa. Jirani anajenga, pikapu imemletea mifuko ya saruji. Dereva akarudi rivasi ili ageuze, mguu ukakosa breki ukakanyaga mafuta. Gari likaupanda ule mteremko wangu kana kwamba limealikwa, likang'oa mlango na fremu yake, magurudumu ya nyuma yakaingia chumbani na mzigo wote. Nilikuwa uani. Nikaja mbio. Vigae vimekuwa kama maganda ya mayai, na chini yake sakafu imedidimia. Nikaitazama ile mikeka chini ya matairi. Nikamwita mke wangu. Alikuwa chumba cha ndani, anatia udhu. Akajibu, "Nipo. Nani huyo anaingia bila hodi?"

Chekeni tu. Mimi nililia.

Mwenye gari alikuja kutoa pole, kiungwana kabisa. "Gari lina bima, bwana fundi. Ondoa wasiwasi." Trafiki wakaja kutoka Kilindoni, wakapima, wakaandika, gari likaondolewa. Ofisi ya bima iko Dar es Salaam. Nikapiga simu, kijana mmoja akanipokea vizuri, akasema, "Msiguse chochote mpaka mkaguzi wetu afike."

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo "msiguse" lilininyima utulivu. Tukatundika turubai mlangoni, tukangoja. Mke wangu hawezi kuvuka chumba cha mbele, amebaki ndani na dirisha lake. Watoto wanakuja, wanachungulia, wanarudi kwao. Mkaguzi leo hakuja, kesho ana safari nyingine, keshokutwa simu haipokelewi. Nikawa sikai. Nafungua mashine ya mtu, naiacha nati chini, napanda bodaboda kwenda Kilindoni kuuliza habari ambayo Kilindoni haipo. Chakula nakula nimesimama. Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, hebu kaa." Nasema nakaa, na nimeshatoka.

Na ushauri je! Mmoja ananituma mahakamani. Mwingine anasema mwachie Mungu. Mwingine anasema lile gari ulizuie, ulitolee upepo. Kila ushauri nikaufuata nusu, nikaugeukia mwingine.

Mvua zikaanza. Maji yakapita chini ya turubai, yakatuama pale palipodidimia. Ndipo yule kijana wa bima akapiga. Wakubwa wake wamesoma ripoti ya trafiki, wanaona sakafu ilididimia kwa kuwa ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwa hiyo dai letu ni gumu. Sakafu ile, jamani, kifusi chake nilikishindilia kwa mikono hii! Nikakata simu, nikashika njia ya kwa mwenye gari, na sikuwa naenda kwa heri. Alhamdulillahi, sikumkuta. Mkewe alinipa maji ya kunywa, akangoja nimalize, akasema, "Shemeji, rudi nyumbani."

Nikarudi. Nikamkuta mke wangu chumba cha mbele, chini. Ameshuka kitini, amejiburuta juu ya vigae vilivyovunjika mpaka katikati ya chumba. Kanga imelowa tope, kiganja kinatoka damu, anaokota vipande anavitia kwenye beseni.

Nikapiga kelele, "Unafanya nini?"

"Nasafisha chuo changu."

"Wamesema tusiguse!"

"Wamekuambia wewe. Mimi nani kaniambia? Kila siku unatoka, unarudi, wamesema, wamesema. Nimepooza miguu, ulimi sijapooza. Lete simu."

Nikaipiga ile namba, nikaweka sauti ya nje, nikamshikia, naye akaita halo.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiye mwenye sakafu. Nimesikia mnasema ilikuwa dhaifu. Ni kweli, kwa gari ilikuwa dhaifu. Haikujengwa lipite gari. Ilijengwa kipite kiti changu, na kilipita kila siku, haikupata hata ufa." Akamweleza habari ya chuo. Akamweleza habari ya mikeka. "Watoto wangechelewa kutoka kidogo tu, mwanangu, leo tusingekuwa tunazungumza vigae."

Kijana akauliza, "Mama, kwani sasa hivi unaishije humo?"

"Nimekaa juu ya vipande, nazungumza na wewe."

Alisema kwenye karatasi zake hapakuwa na habari ya mgonjwa wala ya chuo. Akaomba radhi. Akasema tupige picha pande zote, mwenyekiti wa kijiji aje aone na kuandika, tuweke vipande kadhaa kando, kisha tusafishe. Yeye atalirudisha dai kwa wakubwa wake.

"Kumbe inawezekana kusafisha?"

"Inawezekana, mama. Hakuna aliyeuliza."

Mimi niliyekwenda Kilindoni mpaka waendesha bodaboda wakanizoea, hilo sikuwa nimeuliza. Nikakaa chini palepale kwenye tope, karibu na mke wangu. Siku hiyo nilikaa.

Yaliyofuata mnayajua, maana mlikuwepo. Kina mama mlikuja na mabeseni na majembe, kina baba mkashindilia kifusi upya. Yule dereva, ambaye tangu ajali alikuwa akinikwepa njiani, alisimama nje kichwa chini. Mke wangu akamwona. "Ingia, mwanangu. Safari hii kwa miguu." Alibeba mchanga mpaka jioni, na hakuna aliyemsema.

Mkaguzi alifika baadaye. Akatazama picha, akashika vile vipande, akazungumza na mke wangu zaidi yangu. Bima wakalipa vigae na saruji. Ufundi hawakulipa, wala mlango. Mlango mwenye gari ameutengeneza kwa hiari yake, na ufundi ni wenu ninyi. Vigae vipya havikufanana rangi na vile vilivyosalia, basi watoto wamegawana, wakubwa upande mweupe, wadogo upande wa kahawia, na kelele zao mnazisikia mkipita.

Nawashukuru ninyi nyote. Namshukuru mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja mvua ikimnyeshea. Namshukuru na yule kijana wa Dar es Salaam nisiyemjua sura. Na yule mama aliyenipa maji nikiwa na hasira, Mungu amzidishie.

Neno langu kwenu ni moja. Mwenye mgonjwa nyumbani, mwenye mzazi mzee, mwenye mtu aliyeumia, kabla hujatoka mbio kwenda kumpigania, mwulize kwanza, "Nikusemee, au utasema mwenyewe?" Kisha ungoje jibu lake. Mimi nilidhani namlinda, kumbe nimesimama mbele ya mdomo wake.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri.