Kilo Mia na Kumi za Ziada

DADA: Haloo? Mizani hapa. Ni nani?

MDOGO: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mimi nani? Hii namba siijui.

MDOGO: Mdogo wako, jamani! Simu ya shemeji yako hii, yangu haina chaji. Tuko hapa chini ya kibanda chako. Hutuoni?

DADA: Nani asiwaone, na tela jeupe hivyo. Na mapazia dirishani!

MDOGO: (anacheka) Lina kitanda, lina jiko, lina bafu. Njiani Mama atalala amejinyoosha.

DADA: Kwani kwangu alikuwa analala amesimama?

MDOGO: Ah, dada, hata hujani—

DADA: Nauliza tu. Haya, nyuma yenu kuna malori manne ya saruji na madereva wake hawana adabu. Mwambie shemeji apande mizani taratibu. Mtu asishuke.

MDOGO: Hata Mama?

DADA: Hata Mama. Napima gari kama litakavyosafiri, na watu wake ndani. Amekaa wapi?

MDOGO: Kiti cha nyuma cha gari. Ameegemea mto wake wa maua.

DADA: Niliomnunulia mimi.

MDOGO: Ndiyo, dada. Uliomnunulia wewe.

DADA: Haya, simameni. (anasoma mizani) Gari na tela pamoja, elfu tatu mia tisa na sitini. Sasa msogee mbele, gari litoke, tela libaki peke yake juu.

MDOGO: Baba watoto, mbele kidogo... kidogo... hapo! Vipi?

DADA: Kibao cha tela kinasema magurudumu yabebe mwisho ngapi?

MDOGO: Elfu moja na mia tano.

DADA: Mna elfu moja mia sita na kumi.

MDOGO: Mungu wangu. Mia na kumi zaidi?

DADA: Mia na kumi. Mwezi jana shemeji alilileta tupu, nikalipima mwenyewe, elfu moja na mia moja. Leo mmepakia kilo mia tano na kumi. Mama kaniambia anakuja kwako wiki mbili. Nguo gani hizo za wiki mbili, za chuma?

MDOGO: Kuna vitu vyetu pia... godoro, viti vya—

DADA: Na?

MDOGO: Dada, mtandao unakata.

DADA: Haukati. Nakuona kupitia kioo cha dirisha unavyoshika shavu. Na nini?

MDOGO: Cherehani.

DADA: Cherehani ipi?

MDOGO: Ya Mama. Ile ya kukanyaga. Na meza yake. Na lile sanduku la bati.

DADA: Mlipakia saa ngapi? Mimi nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, chumba chake kimefungwa!

MDOGO: Ulipotoka tu.

DADA: Kwa hiyo mlikuwa mnanichungulia nitoke. Kama wezi.

MDOGO: Siyo hivyo! Mama alisema usisumbuliwe, una kazi—

DADA: Mtu anayekwenda wiki mbili habebi cherehani. Anahamia kwako.

(Honi ya lori.)

MDOGO: Tungekwambia tukifika.

DADA: Mkifika! Miaka tisa namkanda yule mama miguu. Miaka tisa! Wewe unatokea na nyumba yenye matairi na bafu, siku tatu tu, ameshafunga sanduku. Tangu utoto uko hivyo, unakuja mwisho unachukua kilichonona.

MDOGO: Una wivu, dada.

DADA: Ninao! Nimekataa? Ninao mpaka kooni.

MDOGO: Basi tusaidie tu tuondoke salama. Tutoe nini?

DADA: Hilo bafu lina tangi?

MDOGO: Lipo. Shemeji yako amelijaza pomoni, anataka kunionyesha bomba linavyofanya kazi.

DADA: Lita ngapi?

MDOGO: Mia na ishirini.

DADA: Kila lita kilo moja. Anasafirisha mto mzima! Mwambie asogee pale kwenye mtaro, afungue bomba la chini, amwage yote.

MDOGO: Baba watoto! Mwaga maji! Yote, ndiyo! Achana na bafu! (sauti ya maji) Amekasirika huyo... Na salio la simu yake lenyewe linaisha.

DADA: Yaishe maji kwanza.

MDOGO: Yameisha. Tunarudi juu ya mizani.

DADA: Gari mbele. Tela libaki. Hapo.

MDOGO: Ehe?

DADA: Ngoja nisome.

MDOGO: Dada?

DADA: Bado.

MDOGO: Bado vipi? Zilizidi mia na kumi, tumemwaga mia na ishirini!

DADA: Maji hayakutoka yote. Zimezidi hamsini. Cherehani ishuke na meza yake, iachwe hapa kibandani. Nitairudisha nyumbani.

MDOGO: Lakini Mama bila cherehani yake hawezi kukaa, utaona wiki mbili tu atataka...

DADA: Mimi sikuunda mizani.

MDOGO: Haya, haya. Ngoja nikamsaidie huyu kuishusha. Mama, shika simu.

MAMA: Haloo, mwanangu.

DADA: Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba. Hilo tela limezidi kweli?

DADA: (kwa sauti ya chini) Limezidi, Mama.

MAMA: Nakuuliza tena.

DADA: Halijazidi. Lina elfu moja mia nne na tisini. Linaweza kwenda.

MAMA: Nilijua. Ukidanganya unapunguza sauti, toka mdogo.

DADA: Nisamehe, Mama. Wakipandisha tena cherehani yako, mwende tu.

MAMA: Tangu Jumatatu nakunja nguo mbele yako. Nakunja, nakunjua, nakunja tena. Nasema moyoni, labda leo atafungua mdomo. Wewe unaniuliza kama nimebeba dawa.

DADA: Mama...

MAMA: Mdogo wako kasema, Mama njoo ukae na mimi. Kasema kwa mdomo wake. Wewe miaka tisa ulisema lini?

DADA: Nilidhani unajua.

MAMA: Nitajuaje? Nilikuwa najiona mzigo humo ndani.

DADA: Mzigo? Mimi nilikuona umechagua, nikaona nikikuomba utanikataa mbele yake. Mama, nisikilize, mimi nata—

(Mlio mfupi.)

DADA: Haloo? Mama? Salio... Nataka ubaki. Haloo? Nataka ubaki na mimi! (honi, injini ya gari lao inanguruma) Shemeji, zima gari! Usitoke kwenye mizani! Nashuka!

(Kiti kinaanguka. Mkono wa simu unagonga ukuta.)